Mafunzo ya kusimamia programu kubwa za serikali: tunampeleka mtu mmoja wakati kazi imeshikwa na watano

Mratibu wa Themi:

Wakuu habari za jioni. Hii mada imenikaa muda mrefu na leo nimeona niiandike yote, mtanisamehe kwa urefu. Nafanya kazi upande wa kuratibu programu za serikali hapa Arusha, ofisi sitaitaja, na kila Julai mwaka wa fedha ukianza matangazo ya kozi yanamiminika, kozi ya usimamizi wa programu ngazi ya juu, ya vihatarishi, ya uongozi wa miradi mikubwa, nyingine Dar nyingine Dubai. Ofisi inachagua mtu mmoja, mara nyingi mkuu wa kitengo, anaenda wiki mbili anarudi na cheti na begi zuri, Jumatatu anakuta mafaili yaleyale na watu walewale ambao hawajui alichofundishwa. Miezi sita baadae anahamishwa. Cheti kinaondoka nae.

Mimi naamini sana kwenye mafunzo, hilo niseme mapema, kwasababu najua kuna mtu atasema nimekuja kuponda semina. Ninachosema ni kwamba mafunzo ya aina hii yangetakiwa yaende kwa timu nzima inayoshika programu yenyewe, yaani meneja, mhasibu, afisa ununuzi, mwanasheria na mhandisi, waende pamoja na makabrasha ya programu yao halisi mezani, waende kabla mkataba mkubwa haujasainiwa, na wakirudi waachwe hapohapo mpaka kazi iishe. Tukishindwa kufanya hivyo tunanunua vyeti tu.

Kwa wasiofuatilia haya mambo, mradi na programu zina uzito tofauti. Kuchimba kisima na kujenga tenki ni mradi, una mwanzo na mwisho. Ile Programu ya Maendeleo ya Sekta ya Maji iliyoanza 2006 ni programu, ndani yake mamia ya miradi, wizara, mamlaka za maji, mikoa, halmashauri, wafadhili wenye masharti tofauti, na katikati ya safari mwaka 2019 ikaja RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, ikachukua eneo hilo. Mtu anayesimamia kitu kama hicho kazi yake kubwa sio kujua zege, ni kufanya vitu mia vinavyotegemeana vifike kwa mpangilio. Hapa kwetu mnakumbuka ule mradi wa maji wa bilioni 520, mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, uliolenga kutoa Arusha kwenye lita milioni 40 kwa siku mpaka milioni 200. Visima peke yake havikupi maji jikoni. Unahitaji umeme wa pampu, njia kuu, matenki, mabomba ya mitaani, dira, majitaka, fidia kwa bomba linapopita, na kila kimoja kina mkataba wake na mtu wake na kalenda yake. Kimoja kikichelewa vingine vinakaa vikisubiri huku riba ya mkopo haisubiri.

Na wakuu msidhani ni tatizo la Waswahili tu. Yule profesa wa Kidenmaki Bent Flyvbjerg amekusanya takwimu za miradi mikubwa zaidi ya 16,000 ya dunia nzima, akakuta iliyomalizika ndani ya bajeti na ndani ya muda ni asilimia 8.5, na ukiongeza kigezo cha kwamba ilete faida iliyoahidiwa inabaki asilimia 0.5. Nusu asilimia! Marekani pale tovuti yao ya kujiandikisha bima ya afya ilizinduliwa Oktoba mosi 2013, siku ya kwanza wakafanikiwa kujiandikisha watu 6. Sita, nchi nzima. Kulikuwa na wakandarasi wengi na hakuna mmoja aliyeshika picha yote. Desemba 2016 wakapitisha sheria kabisa ya kuboresha usimamizi wa programu serikalini, kila wizara kubwa iwe na mtu anayewajibika kwa hilo eneo. Na cheti chao cha mameneja wa programu wa serikali hakidumu milele, kila miaka miwili lazima uoneshe pointi 80 za kujiendeleza la sivyo kinalala.

Uingereza ndio walifanya kitu ninachokipenda zaidi. Mwaka 2012 walianzisha chuo cha viongozi wa miradi mikubwa pale Oxford, na waliokuwa wanaingia ni wale walioshika miradi mikubwa ya serikali kwa wakati huo, sio wanaotarajia kuishika. Unasoma unarudi kazini, unasoma tena, kesi unayojadili darasani ni ya kwako. Hilo ndio nataka sisi tulichukue, halafu tuongeze kipande ambacho hata wao naona walikipunguza, timu.

Nikupeni mfano wa karatasi moja tu. Mikataba mingi mikubwa ya ujenzi inatumia FIDIC, yaani mikataba ya mfano ya shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri. Kwenye kile kitabu chekundu cha 1999 kontrakta akileta madai yake ya mwezi, mhandisi mshauri ana siku 28 za kutoa hati ya malipo, na mwajiri ana siku 56 za kulipa, zinahesabiwa tangu mshauri alipopokea madai, sio tangu hati ilipofika kwako. Hapo ndipo wengi wanapotea. Sasa ifuate hiyo hati. Imefika masijala, imegongwa muhuri, imekaa kwasababu meneja yuko Dodoma kwenye bajeti. Meneja amerudi kaipeleka kwa mhandisi, mhandisi anahoji ujazo wa kifusi kwenye ukurasa fulani, inarudi kwa mshauri. Imerudi, mhasibu anasema kifungu hakina salio mpaka fedha ya robo ijayo. Afisa ununuzi anafungua faili anagundua dhamana ya malipo ya awali ilishaisha muda wake. Mwanasheria anataka kuona nyongeza ya mkataba kwanza. Kila mmoja wao yuko sahihi kabisa kwenye eneo lake! Hakuna mzembe hapo. Ila hakuna anayehesabu zile siku 56, na zikipita kontrakta anaanza kudai gharama za ucheleweshaji, akikupa notisi ya siku 21 anaweza kupunguza kasi au kusimama, na sheria iko upande wake.

Ukimpeleka meneja peke yake kozi atarudi anajua hizo siku. Wengine wanne hawajui. Hati inayofuata itazunguka vilevile.

Karibuni tujadili.

chalii wa Sakina:

Mkuu umeandika vizuri ila mi naona unazunguka. Ishu ya nchi hii sio elimu ni hela. Unaweza kuwa na meneja kasoma mpaka huko Oxford, Hazina isipotoa fedha kwa wakati atafanya nini? Ni kama kumpeleka dereva VETA wakati gari halina mafuta. Mi nimefanya saiti nyingi na makontrakta wadogo hapa Arusha, tunakaa miezi hatujalipwa, fundi anakimbia anaenda kujenga nyumba ya mtu Moshono huko anapata cash, ukija kulipwa huna fundi. Hakuna kozi inayotibu hiyo. Na tuseme ukweli wengi wanafuata posho tu kwenye hizo semina

Mratibu wa Themi:

Chalii yangu nakuelewa na hilo la fundi kukimbia ni maumivu halisi, nimeliona. Ila angalia hapa. Fedha za maendeleo hazijawahi kuja kwa mafungu sawa kwa kila mwezi, kila mtu aliyewahi kukaa kwenye ofisi ya mipango anajua robo ya kwanza inakuwa kavu na Mei na Juni ndio kila mtu anahangaika kutumia kabla mwaka haujafungwa. Kama mwenendo unajulikana hivyo mbona mpango kazi bado tunauandika kana kwamba fedha inakuja sawasawa Julai mpaka Juni? Meneja aliyefundishwa vizuri anakaa na mhasibu wake wanapanga kazi zenye gharama kubwa ziangukie pale fedha inapotarajiwa, robo kavu wanafanya usanifu, fidia, vibali, upimaji, na hawasaini lundo la mikataba mwezi mmoja ambayo hati zake za kwanza zitagongana zote Septemba. Hela inabaki kuwa shida, ila hasara inapungua sana. Hilo linafundishika.

La posho sitabishana, nalo ndio sababu nasema mafunzo yafanyike hapahapa kwenye programu, wiki chache chache, mtu anarudi kwake jioni.

Mhasibu_Rau:

Asante Mratibu, hatimae mtu kawataja wahasibu. Niko Moshi, nimeshika vitabu vya programu za wafadhili muda mrefu na sijawahi hata siku moja kualikwa kozi ya usimamizi wa programu, mimi naalikwa kwenye mifumo tu ya kompyuta ya malipo na bajeti za serikali, MUSE, PlanRep, basi. Halafu hoja za ukaguzi zikija zinakuja kwangu.

Kwenye ile hati ya malipo uliyoielezea niongeze kitu ambacho mameneja wengi hawakijui. Gharama ya kuchelewesha kwenye hiyo FIDIC ya 1999 kama mkataba haujasema vingine ni asilimia 3 juu ya kiwango cha Benki Kuu, na inajumlishwa kila mwezi, yaani riba inazaa riba. Kontrakta mjanja halalamiki, anakaa kimya anahesabu, mwisho wa mradi anakuletea deni ambalo halikuwa kwenye bajeti ya mtu yeyote. Na ukiangalia ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, miaka na miaka hii kitu ya riba ya malipo yaliyochelewa inajirudia, kwahiyo ni fedha ya wananchi inalipwa na hakuna hata tofali moja lililoongezeka. Inaniuma sana hii.

Mimi nilichofanya kwenye programu niliyopo, na hakuna aliyenituma, nimetengeneza karatasi ya eksel, kila madai yakipokelewa na mshauri naandika tarehe na safu ya pili inahesabu yenyewe zimebaki siku ngapi, zikifika 20 inageuka njano, zikifika 10 nyekundu. Kila Ijumaa asubuhi naichapisha naibandika ukutani karibu na mlango wa meneja. Hakuna teknolojia hapo. Lakini tangu ikae ukutani mwanasheria anakuja mwenyewe kuuliza, hii nyekundu iko kwa nani? Ndio maana nakubaliana na wewe, wakijua wote wanasukumana wenyewe.

Na hizi programu za siku hizi za malipo kwa matokeo ndio usiseme, mfadhili haleti hela mpaka mhakiki huru athibitishe kiashiria kimefikiwa. Hapo takwimu za shule au za kituo cha maji zikikosewa kule kijijini, fedha inakwama taifa zima. Mtakwimu anakuwa muhimu kuliko mhandisi. Nani anampeleka mtakwimu kozi?

Injinia Kijenge:

Wakuu, mimi nafanya kazi upande wa washauri. Mmeongelea malipo vizuri, mi nataka kurudi nyuma zaidi, kwenye makadirio, kwasababu programu nyingi zinakufa kabla hazijazaliwa. Makadirio yanawekwa ili yapite, sio ili yatimie.

Kahneman na Tversky waliandika tangu 1979 kwamba binadamu akipanga kazi yake anaangalia hatua za kazi hiyohiyo na kusahau kuangalia kazi kama hizo zilizopita zilichukua muda gani. Jumba la opera la Sydney lilipangwa kukamilika 1963 kwa dola milioni 7 za Australia, likafunguliwa 1973 kwa milioni 102. Hapa kwetu Bwawa la Nyerere lilitakiwa liishe Juni 2022, mtambo wa kwanza ukawashwa Februari 2024, na hilo ni bwawa ambalo lilikuwa na macho ya nchi nzima na fedha ilitafutwa kwa nguvu zote. Sasa fikiria programu ya kawaida isiyo na mtu wa kuisemea.

Waingereza mwaka 2004 waliamua kwenye uchukuzi, ukileta makadirio yako wanaongeza kutokana na historia ya miradi ya aina hiyo. Barabara ukitaka uwe na uhakika wa asilimia 80 kwamba hutapitiliza unaongeza asilimia 32, reli unaongeza asilimia 57. Walianza kuitumia kwenye tramu ya Edinburgh, na bado ile tramu ikaja kufunguliwa 2014 kwa pauni milioni 776, mbali sana na walivyodhani hata baada ya kuongeza. Kwahiyo sio dawa ya kila kitu. Ila mimi nikikaa kwenye kikao nikasema tuongeze asilimia 30 kwasababu barabara tatu za mwisho kwenye udongo huu mweusi wa huku tambarare zilipitiliza, naambiwa injinia unataka kuharibu andiko, wafadhili watakimbia. Hapo ndipo kozi ya ngazi ya juu inatakiwa imguse mkubwa mwenyewe, afisa masuuli, yule anayewajibika kwa fedha za ofisi nzima, maana sisi wa chini tunajua na hatuna sauti. Mratibu timu yako ya watano mimi naomba iwe ya sita, na wa sita awe ni yule anayesaini.

Na kuna programu zenye tarehe isiyosogea. Huo uwanja wa Olmoti unajengwa kwa ajili ya AFCON 2027, mpira hautasubiri barabara ya kufika uwanjani, maji, umeme, taa, hospitali, kila kimoja kiko kwa taasisi yake. Tarehe ikiwa haisogei maana yake kitakachosogea ni gharama au ubora, na mtu wa kuamua kipi kisogee inabidi ajulikane mapema kwa jina na cheo.

Mzee wa Uru:

Vijana wangu hamjambo. Nimestaafu, nasoma nikiwa nyumbani, nimefurahi kuona mnaongea mambo haya kwa uchungu.

Hili la kuweka watu wote chumba kimoja tuliwahi kulifanya. 2013 wakati Matokeo Makubwa Sasa inaanza, mfumo uliotoka Malaysia, ziliitishwa maabara za sekta sita, maji, elimu, nishati, uchukuzi, kilimo na ukusanyaji wa mapato. Mle ndani alikuwepo mtu wa wizara, wa Hazina, wa sekta binafsi, wa wafadhili, mnakaa wiki kwa wiki mpaka mnashuka kwenye hatua moja moja nani anafanya nini tarehe ngapi. Mambo ambayo barua ingezunguka miezi mle yalikuwa yanaisha kwa kugeuza kiti, unamuuliza mwenzako wa Hazina hapohapo anakujibu. Kwangu mimi ile ilikuwa shule ya usimamizi kuliko kozi zote nilizopata.

Ila mnajua kilichotuangusha kwa maoni yangu? Tulipotoka mle kila mtu akarudi ofisini kwake kwa bosi wake na vipaumbele vya bosi wake. Muda si mrefu wengine wakahamishwa, aliyekuja anauliza hiki kitabu ni cha nini. Kwahiyo Mratibu hilo la kuwaacha watu mahali wewe umeliweka mwishoni, mimi ningeliweka mwanzo. Nimeona programu ya miaka mitano inabadilisha waratibu wanne, kila mmoja anatumia miezi yake ya kwanza kusoma mafaili na ya mwisho kusubiri barua. Na makabidhiano ni saini tu, mtu anakabidhiwa kabati na funguo za gari.

Mratibu wa Themi:

Shikamoo mzee. Umenisogeza. Na kweli hata Uingereza hilo ndilo lililowasumbua, kamati yao ya bunge ya hesabu za serikali imelalamika mara nyingi kwamba wenye dhamana ya miradi mikubwa wanabadilishwa katikati. Yaani wanamsomesha mtu halafu mradi wake unamalizwa na mwingine. Pale wanapojitahidi ni kwamba mwenye dhamana anapewa barua ya uteuzi ya mradi ule, imeandika anawajibika kwa lipi na mpaka hatua gani. Mimi nadhani sisi tunaweza kuanza hapo bila hata kubadilisha sheria, barua ya uteuzi wa mratibu iseme atakaa mpaka hatua fulani ya programu ikamilike, na akihamishwa kwa dharura akae wiki kadhaa na anayekuja, waende wote saiti, wakae wote kwenye kikao cha kontrakta, ampitishe kwenye rejista ya vihatarishi mstari kwa mstari amwambie hiki kimeandikwa hivi lakini chanzo chake ni mgogoro wa eneo la familia fulani, usiende pale bila mwenyekiti wa kitongoji. Hivyo vitu haviko kwenye faili lolote.

Injinia nakubali wa sita.

chalii wa Sakina:

Hapo kwenye makabidhiano nimekubali mkuu. Saiti moja meneja kabadilishwa, mpya kaja kagoma kusaini kazi ambayo wa zamani alituambia tufanye kwa mdomo, tukalala njaa. Sasa kozi zao wafundishwe na hilo, maelekezo yaandikwe. Daftari la saiti lipo ila linajazwa siku wakubwa wanakuja kukagua

Injinia Kijenge:

Chalii daftari la maelekezo la saiti ni ushahidi wako, usikubali kuanza kazi ya nyongeza bila kuandikwa mle na kusainiwa, hata kama anayekuagiza ni mtu mkubwa kiasi gani. Kontrakta mdogo ndiye anaumia zaidi kwasababu hana mwanasheria.

Binti wa Pasua:

Habari zenu kaka zangu na mzee shikamoo. Mimi ni afisa mipango kwenye halmashauri moja ya Kilimanjaro, nina miaka michache kazini, na hii mada imenigusa kwasababu ndugu zangu wako Mwanga. Mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, ule wa kuchukua maji bwawa la Nyumba ya Mungu, ulianza 2014 na umekuja kuzinduliwa Machi 2025. Mtoto aliyezaliwa mradi unaanza alishafika darasa la nne la tano huko akibeba ndoo. Saizi maji yanatoka na watu wana furaha na mimi nashukuru sana, ila huwa najiuliza ile miaka ingepungua hata minne tu ni wasichana wangapi wangekuwa hawajachelewa shule. Ndio maana nataka kusomea hii kazi nifike mbali.

Swali langu, nina akiba yangu kidogo na mwajiri hana bajeti ya mafunzo. Nifanye vyeti vya usimamizi wa miradi, PMP au PRINCE2, au niende masters kabisa? Na je kwa hapa Arusha na Moshi kuna pa kusoma au lazima Dar? Naombeni ushauri wa kweli.

Mhasibu_Rau:

Mdogo wangu karibu. Mratibu atakujibu la vyeti, mimi nakuambia jifunze hesabu za programu kwanza. Omba kukaa na mhasibu wenu wiki moja ya kufunga robo, umuombe akuoneshe fedha ilivyoingia, ilivyotoka, na bakaa. Afisa mipango anayejua kusoma salio la kifungu anaheshimika mara moja, na hiyo ni bure.

Mratibu wa Themi:

Dada, swali zuri, nikujibu kwa ninavyojua.

PMP inadai uwe na uzoefu wa kuongoza miradi, kwa mwenye digrii ni miezi 36, na saa 35 za mafunzo kabla ya kuomba mtihani. Inajulikana sana na mashirika na makontrakta, inakupa lugha moja na wenzako. Lakini ni ya mradi. PRINCE2 ilitoka serikali ya Uingereza 1996 na imejengwa juu ya nani anaamua nini, bodi ya mradi, hatua, vibali vya kuendelea, kwahiyo mtu wa serikali anajiona humo haraka. Na kwa programu zenyewe kuna ndugu yake inaitwa MSP, nayo ya Waingereza, imekazia faida anayoipata mwananchi badala ya majengo, nani anazipima, lini, kwa kipimo gani. Ukiniuliza mimi kwa pale ulipo sasa ningeanza na PRINCE2 ngazi ya msingi kisha MSP, PMP ije ukishatimiza ile miezi. Masters usikimbilie kwa akiba yako mwenyewe, subiri mwajiri aingize kwenye mpango wa mafunzo, na wewe mkumbushe kwa barua kila bajeti inapoandaliwa, usichoke.

Kuhusu pa kusoma huna haja ya kuhama. ESAMI, taasisi ya mafunzo ya menejimenti ya nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, makao makuu yake yapo hapahapa Njiro, wanafundisha watumishi kutoka nchi hizo, na faida kubwa pale ni wale utakaokaa nao darasani, mtu wa Malawi au Uganda ameshashika programu kama yako na amekwama mahali utakapokwama wewe mwakani. Chuo cha Uhasibu Arusha nacho kiko Njiro. Kwenu Moshi kuna Chuo Kikuu cha Ushirika. Mbali kidogo Chuo cha Mipango Dodoma, Mzumbe kule Morogoro, na Taasisi ya Uongozi Dar kwa wale ambao wameshapanda. Kabla hujalipa popote piga simu uliza mambo haya, nitaleta programu yangu halisi au mtanipa kesi ya kubuni? Mwalimu aliwahi kushika programu yenye fedha ya umma mkononi au amefundisha tu? Baada ya darasa kuna mtu atanifuatilia nikiwa kazini? Na naweza kuja na mhasibu wangu kwa punguzo? Wakikujibu vizuri matatu kati ya hayo, lipa.

Halafu usisubiri cheti ndio uanze. Chukua programu moja tu iliyopo kwenye halmashauri yenu, tafuta nyingine tatu nne za aina hiyo zilizokwisha, andika zilipangwa miezi mingapi na zikachukua mingapi, hiyo hesabu anayoisema Injinia. Itie ukurasa mmoja, mpe mkuu wako wa idara kabla bajeti haijafungwa.

Binti wa Pasua:

Asante sana kaka, na dada mhasibu nimekuelewa. Nyaraka za programu tatu zilizokwisha zipo stoo, nitaanza nazo Jumatatu. Hivi tarehe ya kuanza nihesabu ya kusaini mkataba au ya kontrakta kukabidhiwa saiti? Maana kwetu hapo katikati huwa kuna miezi.

Injinia Kijenge:

Andika zote mbili, na ya tatu ongeza siku malipo ya awali yalipoingia kwa kontrakta. Utaona muda mwingi ulipotea kati ya hizo tarehe, kabla hata greda halijashuka kwenye lori.

Mzee wa Uru:

Na ya nne binti yangu, tarehe ambayo mwananchi wa kwanza alichota maji au alipita barabarani. Hiyo kwenye mafaili huwa haipo, itabidi uende kuuliza kijijini.

Mratibu wa Themi:

Mzee hiyo ya nne naiingiza kwenye fomu yetu kesho. Dada ukimaliza hiyo jedwali ilete hapa, toa majina ya kata na makontrakta, mimi nitaweka za upande wa Arusha tuzilinganishe.